Kausha Kwanza, Ziba Baadaye: Ukamilishaji wa Chumba cha Uani cha Kuhifadhia Mahindi



Katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa kihenge cha fito kimepishwa na chumba kidogo cha uani, cha matofali ya kuchoma na bati. Humo huwekwa chakula cha kaya cha mwaka mzima, pamoja na magunia yatakayopelekwa chamani. Gunia likioza humo, hasara haimwishii mwenye nyumba: mahindi yenye ukungu hukataliwa mizanini, na chama hukosa mzigo kiliokwisha kuutarajia.

Wengi hukimbilia kuziba. Kuziba ni jambo jema, lakini chumba kilichozibwa kingali na maji humfungia adui ndani. Kwa hiyo kazi haina budi kufuata utaratibu.

Kwanza ni sakafu. Tofali la kuchoma hunywa maji, na unyevu wa ardhi hupanda ukutani. Yafaa msingi uinuliwe juu ya usawa wa uwanja, na nailoni nene itandikwe kabla ya kumwaga zege. Mfereji wa nje uyaondoe maji ya mvua.

Pili ni kuta. Lipu ya ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne au tano za mchanga uliochekechwa hutosha. Imwagiwe maji kwa siku saba ili isipasuke, kisha iachwe ikauke kwa majuma yasiyopungua matatu, kwani baridi ya nyanda za juu huchelewesha ukaukaji. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya lipu mbichi hufanya malengelenge na kubanduka. Chokaa nyeupe ni nafuu, nayo huwadhihirisha wadudu ukutani. Kila ufa uzibwe, maana ndimo wadudu hungojea msimu mpya.

Tatu ni paa na mbao. Usiku wa Juni na Julai bati hupoa sana, likatoa jasho linalodondokea magunia, dari hulizuia. Fito za kihenge cha zamani zisitumiwe tena. Dumuzi, aliyetambuliwa nchini mkoani Tabora mwaka 1981, hutoboa hata mbao kavu na kujificha humo.

Nne ni mlango na madirisha. Panya mdogo hupita penye nafasi ya upana wa kalamu. Basi chini ya mlango pigiliwe kipande cha bati, na madirisha yawekwe wavu wa chuma.

Chumba kikishakauka, mahindi nayo yawe makavu: unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, aitikise, kisha aiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta.

Jambo hili si la mizani tu. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu mikoani Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa; kinga yake huanzia katika ukaushaji. Vilevile vidonge vya kufukiza visitumiwe kabisa katika chumba kilichopakana na mahali wanapolala watu. Gesi yake hupenya nyufa na kuua. Kazi hiyo ni ya mtaalamu aliyeidhinishwa.

Makatibu wanaweza kusaidia mapema. Mahitaji ya saruji, nailoni na wavu yaandikwe kabla ya mvua kwisha, vinunuliwe kwa pamoja, na fundi mmoja azungukie wanachama. Lipu ikipigwa mwezi Mei, chumba huwa tayari mavuno yakiingia Julai. Ikipigwa magunia yakiwa yamekwisha kufika mlangoni, mwanachama atayaweka penye unyevu, na kazi yote itakuwa ya bure.