Panya Kapona, Mgonjwa Je?

Msikilizaji, kiharusi cha damu kuvuja ubongoni huua upesi, na anayenusurika mara nyingi hubaki na mkono usioinuka. Mwaka 2003, watafiti wa Korea Kusini waliwadunga panya wenye kiharusi hicho seli shina za binadamu kupitia mshipa. Baada ya majuma kadhaa, panya hao walimudu kutembea juu ya gogo linalozunguka vizuri zaidi kuliko wenzao wasiopewa seli hizo. Inatia moyo, sikatai. Lakini, tusikilize upande wa pili: panya wa maabara huwa kijana, hana presha ya miaka mingi. Kumbuka pia kwamba dawa NXY-059, ya kiharusi cha damu kuganda, iling'ara kwa wanyama. Mwaka 2006 ikashindwa kwa wagonjwa. Sasa, anayekuuzia seli hizo leo kama tiba kamili, ana ushahidi gani?