Upatanisho na Wasengwer: Kaunti Zisijifiche Nyuma ya Msitu

(Mhadhara uliotolewa Eldoret mbele ya wanamageuzi na waumini)



Mmetuomba tuseme juu ya upatanisho, nasi twapenda kuanzia kwenye mtungi wa maji. Sehemu ya maji yanywewayo hapa Eldoret hutoka bwawa la Chebara, lijazwalo na mto Moiben, ambao chanzo chake kimo katika vilima vya Cherangany. Katika vilima hivyo, msituni Embobut, wameishi tangu jadi Wasengwer, watu wa kuwinda, kurina asali na kufuga. Kila walipofukuzwa waliambiwa ni kwa ajili ya kuhifadhi chemchemi za maji. Basi habari hii si ya watu wa mbali. Imo ndani ya mitungi yetu.

Tukumbushane historia. Serikali ya kikoloni iliwapa walowezi nyanda za Trans Nzoia zilizokuwa makao ya Wasengwer. Mwaka 1932 wazee wao walitoa ushahidi mbele ya tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter. Hawakurudishiwa nchi yao. Uhuru ulipopatikana, mashamba ya walowezi yalikwenda kwa wengine. Wao walibaki msituni, na tangu miaka ya 1980 wakafukuzwa humo mara kwa mara.

Novemba 2013 serikali iliahidi shilingi 400,000 kwa kila familia iliyoorodheshwa, ili wahame. Januari 2014 askari wa misitu waliingia Embobut wakateketeza nyumba, ilhali Mahakama Kuu ya hapa Eldoret ilikuwa imetoa amri ya kuzuia tendo hilo. Machi 2015 mji huu huu ulikuwa mwenyeji wa kongamano la mazungumzo juu ya misitu, likihusisha serikali, Benki ya Dunia na jamii zenyewe. Maneno mazuri yalisemwa. Januari 2018 Msengwer mmoja alipigwa risasi akafa huko Embobut, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha za mradi wake wa maji. Mazungumzo yasiyofuatwa na tendo yaliishia hapo.

Sasa twauliza: serikali za kaunti zilikuwa wapi? Jibu tulisikialo ni kwamba misitu ya umma ni ya serikali kuu, na kaunti mikono imefungwa. Sisi mawakili twasema jibu hilo ni nusu ya sheria. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 chazihesabu nchi za asili za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii, na chaiamuru kaunti iishike kwa amana ardhi ya jamii isiyosajiliwa. Kifungu cha 174 chasema kuwa mojawapo ya makusudi ya ugatuzi ni kulinda haki za walio wachache na waliotengwa. Gavana asemaye hana la kufanya anakana sababu ya ofisi yake kuwapo.

Wala Katiba haisemi peke yake. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Mau. Ilikataa hoja kwamba ni wao walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao, na fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa mateso ya moyo. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena katika msitu wa Maasai Mau. Hukumu bila majirani wa kuisimamia hubaki karatasi.

Namna ya kuisimamia imepata kufundishwa hapa hapa. Mapema mwaka 2008, maelfu walipokimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Askofu Cornelius Korir hakuanza na mkutano mkubwa wa hadhara. Aliisikiliza kila jamii peke yake, ikaorodhesha malalamiko yake. Kisha wachache walikutanishwa, baadaye wengi, yakafikiwa mapatano. Ndipo wakapewa kazi ya kufanya pamoja, kama vile barabara au shule. Aliiita njia hiyo amani mashinani.

Twaziomba kaunti za Elgeyo Marakwet, Trans Nzoia na Pokot Magharibi ziifuate, na Uasin Gishu inywayo maji ya vilima hivyo isikae kando. Kwanza, zikiri wazi katika mabaraza yao kwamba Wasengwer walidhulumiwa. Mwaka 2014 baraza la jiji la Vancouver, nchini Kanada, lilikiri rasmi kuwa jiji lao limesimama juu ya ardhi ya mataifa matatu ya wenyeji ambayo hayakuitoa kwa mkataba. Kukiri hakukulibomoa jiji. Pili, ziketi na Wasengwer wenyewe, wanawake wakiwamo, kabla ya kupanga lolote juu ya Embobut. Tatu, ziisukume serikali kuu na Tume ya Ardhi zitambue haki yao, kwa mapatano ya kuulinda msitu wakiwa ndani yake.

Ndugu zetu, waliotutangulia walipigwa na kufungwa hadi sheria ya chama kimoja ikafutwa, Desemba 1991. Lakini kura huhesabu vichwa, na jamii ndogo haitashinda kwa vichwa kamwe. Ikiwa mageuzi yaliishia kwenye sanduku la kura, basi Msengwer hakupata chochote. Waumini waijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu: lilitwaliwa kwa barua zenye muhuri wa mfalme, na wazee wa mji wakatii. Elia alitumwa kwa mfalme. Lakini swali linalotukabili leo lawahusu wale wazee wa mji. Walijua, wakanyamaza.

Sisi ndio wazee wa mji huu. Tusinyamaze.