Baada ya Tetemeko: Kujenga au Kulima?



Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka mkoani Kagera, kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, na nyumba nyingi za Bukoba na Missenyi zilianguka. Na huo ndio msimu wa kupanda maharage vibanjani. Sasa mkulima ajenge au alime?

Peke yake hawezi yote mawili. Kwa hiyo kijiji kikae. Mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba pamoja na mtu ajuaye kuandika vizuri: nyumba iliyoanguka, iliyopasuka, choo, ghala, mzee anayeishi peke yake. Orodha isomwe mkutanoni, wote wasikie. Orodha inayofichwa mezani kwa mtu, jamani, huzaa manung'uniko hata kabla msaada haujafika! Nakala moja iende kwenye kata, moja ibaki kijijini.

Kisha gaweni zamu: asubuhi shambani, mchana ujenzi, mkianza na wasio na nguvu. Matofali mazima yaokoteni, myasafishe.

Ukuta wenye ufa wa mshazari toka pembe ya dirisha usiuzibe kwa udongo ukalala humo. Bomoa. Ukijenga upya, lenta ya zege na nondo izunguke nyumba yote bila kukatika. Huna saruji? Jenga ndogo, ya miti iliyofungwa imara, yenye paa jepesi.

Na kama mbegu zako zimefukiwa na kifusi, mwambie bwana shamba mapema, mvua hazijakolea.