Ukitendewa Vibaya Wodini: Haki Yako, Haki ya Mtuhumiwa



Tuseme mama yuko wodi ya wazazi, analia kwa uchungu, na muuguzi msaidizi anamzaba kofi. Mama huyo asinyamaze, na jamaa zake wasimnyamazishe.

Andikeni tarehe, saa, wodi, jina la mhudumu kama lipo kwenye beji, na walioshuhudia. Pelekeni malalamiko kwa mkuu wa kituo, na asipochukua hatua, kwa Afisa Mkuu Tawala wa wilaya. Kofi ni kosa la jinai pia. Nendeni polisi, mwombe Fomu namba 3, na mama apimwe kabla alama hazijafutika.

Mhudumu aliye mtumishi wa wilaya huadhibiwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, kwa Ibara ya 200 ya Katiba ya Uganda ya 1995. Anaweza kusimamishwa uchunguzi ukiendelea, lakini kusimamishwa si kufukuzwa. Sharti aelezwe tuhuma kwa maandishi, apewe muda wa kujibu, na asikilizwe. Ibara ya 42 inamruhusu kwenda mahakamani akionewa.

Wengine huona utaratibu huu unamlinda mkosaji. La hasha! Akifukuzwa bila kusikilizwa, mahakama inaweza kuutengua uamuzi, na mama akakosa haki yake.

Kwa hiyo tusimhukumu mtu sokoni wala kwenye simu. Tupeleke ushahidi panapohusika, na tufuatilie hadi tupate jibu.