Symphony in Effect: Albamu Iliyoitangulia Redio Yake



Mkisikia mhadhara unahusu muziki wa kufokafoka wa Toronto, wengi mtamngoja Drake. Leo hatutamfikia. Nazungumzia albamu iliyotoka 1989, Drake akiwa hajaanza hata shule.

Albamu hiyo ni Symphony in Effect ya Maestro Fresh-Wes, jina la jukwaani la Wesley Williams, kijana wa Toronto ambaye wazazi wake walitoka Guyana. Marapa wa New York walikuwa wakijipamba kwa suti za michezo na mikufu ya dhahabu. Yeye alivaa tuksido, mithili ya kiongozi wa okestra. Kwangu vazi lile lilikuwa hoja: nami ni mwanamuziki, nipeni heshima ya mwanamuziki. Na heshima ilikuja. Wimbo wake "Let Your Backbone Slide" uliingia katika nyimbo 40 bora za Kanada, albamu ikawa ya kwanza ya rapa wa Kanada kufikia platinamu, na 1991 ikatwaa tuzo ya Juno ya rap, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa ikitolewa.

Historia nyingi huishia hapo, kwenye makofi. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuuliza maswali.

Mkataba wake ulitoka wapi? New York, kwa kampuni ya LMR, baada ya kuonekana kwenye kipindi cha dansi cha televisheni ya MuchMusic. Nyumbani, mji uliojaa watu wa asili ya Karibi haukuwa na hata kituo kimoja cha redio ya biashara kwa ajili ya muziki wa watu weusi. Vijana walitega antena kuinasa WBLK ya Buffalo, ng'ambo ya mpaka. Siku za Jumamosi walikuwa na Ron Nelson na kipindi chake cha Fantastic Voyage kwenye CKLN, redio ya wanafunzi wa Ryerson. Ajabu ni kwamba tangu 1971 kulikuwa na kanuni ya kuzilazimisha redio kupiga kiasi maalumu cha muziki wa Kanada. Kanuni ililinda muziki wa nyumbani. Ila nani ni wa nyumbani, hilo liliamuliwa na wenye vituo.

Mwaka 1990, tuksido ile ikiwa kwenye kila televisheni, kampuni ya Milestone ya Denham Jolly, mzaliwa wa Jamaika, iliomba masafa ya FM ili kujaza pengo hilo. Tume ya utangazaji, CRTC, iliyatoa masafa hayo kwa kituo cha muziki wa kantri. Milestone ikaomba tena, ikanyimwa tena. Leseni ilipatikana 2000, na FLOW 93.5 ikaanza kusikika 2001, miaka 12 baada ya albamu.

Katikati ya miaka hiyo Maestro alihamia New York. Albamu yake ya 1994, ambayo jina lake lenyewe linamkejeli anayeshangaa kwamba kijana huyu katoka Kanada, haikuuza. Wapo wanaosema alipoteza ladha yake. Sikubaliani nao. Rapa hawezi kuishi kwa wimbo mmoja mkubwa. Anahitaji kusikika kati ya wimbo na wimbo, siku za kawaida, na kazi hiyo hufanywa na redio ya mjini kwake.

Tulinganishe na Dar es Salaam. Saleh Jabir alitoa kanda yake ya rap ya Kiswahili 1991, redio ikiwa bado ya serikali peke yake. Radio One ilipofunguliwa 1994 ilikuwa na nafasi ya rap, na 1995 rapa Sugu, enzi hizo akiitwa II Proud, akatoa albamu yake ya kwanza, Ni Mimi. Kama redio hiyo iliwalipa wasanii ipasavyo, huo ni mhadhara mwingine, tena mkali. Lakini kwa jambo hili moja, kuipa rap nafasi redioni, Dar iliitangulia Toronto.

Na jirani na Toronto yupo wa kwetu pia. Rapa Shad, aliyezaliwa Kenya na wazazi Wanyarwanda, akakulia London ya Ontario, alitoa albamu yake ya kwanza, When This Is Over, mwaka 2005. Fedha za kuirekodi, dola 17,500, alizishinda kwenye shindano la vipaji. Aliyeliandaa ni kituo cha redio.