Semu, Hamu na sisi: maneno tuliyowaambia vijana wa Kasenyi

Ndugu zetu wa Kasenyi, wadada na wakaka, ninyi wa mitumbwi, ninyi wa moto, wanafunzi, na ninyi wamama wa samaki mliofunga meza mapema juu ya kuja kutusikiliza: jambo kwenu wote.

Tunajua wengine mmecheka mliposikia tunakuja kuzungumza juu ya Wayahudi. Hapa hatumjui Muyahudi hata mmoja. Tuko na CODECO, tuko na Zaïre, tuko na barabara ya Bunia yenye hatari na mashua zinazokamatwa ziwani. Wayahudi wanaingia wapi?

Wanaingia hapa: chuki iliyowaua wao na chuki inayotuua sisi zilitoka kiwanda kimoja. Na viongozi wao walishapambana nayo kabla yetu, kwa njia ambazo sisi Ituri bado hatujazijaribu.

Katika Biblia, Noa ana wana watatu: Semu, Hamu na Yafeti. Wasomi wa Ulaya walichukua majina yale wakapanga nayo lugha. Kiebrania na Kiarabu zikaitwa lugha za Semu. Nyingine za Afrika ya kaskazini na mashariki zikaitwa za Hamu. Kupanga lugha haiko kosa. Kosa lilikuja walipotoka kwenye lugha wakaingia kwenye damu. Mwaka 1879, mwandishi wa Ujerumani, Wilhelm Marr, alieneza neno jipya la kuwapinga "Wasemiti". Kwa nini neno jipya? Kwa sababu chuki ya dini iko na mlango: mtu anabatizwa, anapita. Damu haina mlango. Muyahudi aliyezungumza Kijerumani tangu babu ya babu yake alibaki mgeni kutoka mashariki. Katika vita vya kwanza vya dunia, Wayahudi karibu 100,000 walivaa uniforme ya jeshi la Ujerumani, na karibu 12,000 walikufa ndani yake. Haikuwasaidia kitu.

Sasa geukeni huku. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Humo aliandika kwamba Wahima na wafalme wa maziwa yetu si watu wa hapa, wametoka Ethiopia. Akaja mwingine akaongeza, akaja mwingine, mpaka Wabelgiji wakawa na somo kamili: Watutsi, Wahima, Wahema ni "Wahamiti", wamezaliwa kutawala, wengine wamezaliwa kutawaliwa. Mulendu akaandikwa mtu wa chini. Muhema akaandikwa mtu wa mbali.

Angalieni vizuri hiyo zawadi ya Muhema. Leo inakupa kiti, kesho inakuonyesha njia ya kurudi "kwenu". Tarehe 22 Novemba 1992, kule Rwanda, Léon Mugesera alisimama mbele ya watu akasema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka na nusu nyuma yake, mito ilikuwa imejaa maiti. Neno la Speke lilikuwa limetembea miaka 130 bila kuchoka. Na ninyi mnalijua kwa lugha ya hapa, kwenye sauti za WhatsApp: "Bale si batu ba hapa. Barudi kwabo."

Hata ujinga wake unaonekana kwa macho. Wahema wa Kaskazini, Wagegere, lugha yao ya mama ni Kilendu. Wahema wa Kusini, wa huku kwenu, lugha yao inasikilizana na Kinyoro cha ng'ambo ya ziwa. Sasa msomi aje atuambie damu ya Hamu iko upande gani wa soko la Kasenyi.

Tuje kwa uongo wa karatasi, kwa sababu ndipo viongozi wa Wayahudi walituonyesha kazi.

Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilitoa maandishi yanayoitwa Protokali za Wazee wa Sayuni, eti mpango wa siri wa wakubwa wa Wayahudi wa kutawala dunia. Ni uongo mtupu. Mwaka 1921 gazeti The Times la London liliweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni na kuonyesha kwamba mengi yameibwa katika kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864. Na Joly alikuwa anamsema Napoleon wa 3. Habari ya Wayahudi haimo kabisa. Mwizi alibadilisha majina tu.

Mwaka 1933 wafuasi wa mawazo ya Hitler waliuza karatasi zile kwenye mkutano wao mjini Bern, Uswisi. Muungano wa jamii za Wayahudi wa Uswisi, pamoja na jamii ya Bern, wakaenda tribinali. Hawakwenda kulia. Walileta mashahidi waliojua maandishi yametoka wapi, walileta wataalamu, walileta kitabu cha Joly, wakaomba hakimu asome sentensi kwa sentensi. Mei 1935 hakimu Walter Meyer alitangaza kwamba ni maandishi ya kubuni na ya kuiba. Mwaka 1937 korti ya rufaa iliwaachilia washitakiwa, kwa sababu sheria iliyotumiwa ilihusu maandishi machafu na haikufika kwenye siasa. Lakini korti hiyo haikusema hata siku moja kwamba karatasi ni ya kweli.

Kuna ndugu hapa atasema: basi ilifaa nini? Wayahudi karibu milioni 6 waliuawa. Ni kweli. Kesi ya Bern haikusimamisha treni hata moja. Lakini iliacha faili. Mtu akiokota Protokali leo, jibu liko tayari, liko na mhuri, liko na tarehe, liko na jina la hakimu.

Faili yetu sisi iko wapi?

Novemba 1990 gazeti Kangura la Rwanda lilichapisha "mpango wa Watutsi" wa kutawala Kivu na Afrika ya kati, likidai mpango ule ulionekana mwaka 1962. Karatasi hiyo haijafa. Huku kwetu inaitwa ufalme wa Wahima na Watutsi, na Wahema wameingizwa ndani bila kuulizwa. Ni zile zile Protokali, zimefungwa kikwembe. Na upande wa pili kuna trakti zake, zinazosema kila Mulendu amekula kiapo cha kuua. Miaka yote hiyo, nani amekaa chini, akakusanya trakti hizo moja moja, akaandika tarehe, akaonyesha zimetungwa wapi? Tunapeana hasira, tunatuma kwa watu 40, basi.

Na sheria tuko nayo! Kongo iko na sheria ya tarehe 7 Juni 1966, namba 66-342, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Kifungu cha 66 cha Katiba kinampa kila Mkongomani wajibu wa kumheshimu mwenzake bila kumbagua. Wale wa Bern walikwenda korti na sheria iliyowapwaya. Sisi tuko na sheria iliyokatwa kwa kipimo chetu, inalala kwenye kabati.

Sasa juu ya viongozi. Hatutawapeleka mbali, vukeni ziwa tu. Uganda, karibu na mji wa Mbale, kuko Wayahudi weusi, Abayudaya. Walianza mwaka 1919 na mkubwa mmoja wa vita, Semei Kakungulu, aliyesoma Biblia akaamua kushika sheria ya Musa. Idi Amin alipochukua utawala mwaka 1971, dini yao ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa, wengi waliingia dini nyingine, waliobaki walisali kwa kujificha. Jamii ya watu maelfu ilitoka kwa Amin ikiwa mamia.

Jamii iliyopita humo ingeweza kufunga mlango isimwone jirani tena. Mmoja wa wakubwa wao, J.J. Keki, alifanya kinyume. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, akaona kwa macho yake watu wanavyouawa kwa jina la dini. Alirudi kwake mlimani akatembea nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu na kwa Wakristo, akiwaomba wauze kahawa pamoja. Mwaka 2004 koperative ilizaliwa: Mirembe Kawomera, yaani amani tamu kwa Kiganda. Kahawa, jamani! Hata sisi Ituri tuko nayo. Na rabi wao, Gershom Sizomu, aliyepata cheo hicho mwaka 2008, alichaguliwa mbunge mwaka 2016 katika jimbo ambalo wapiga kura wengi si Wayahudi. Majirani walimpa kura kwa sababu walimjua.

Hapa kwetu Kongo pia wamekuwako. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walikuja Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakafungua sinagogi mwaka 1930. Julai 1944 Wajerumani waliwabeba ndugu zao waliobaki kisiwani, watu kama 1,700, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa kama 150. Baba ya Moïse Katumbi alikuwa mtu wa Rhodes, mama yake Mkongomani. Mwaka 2021 ulipoletwa bungeni mswada wa Tshiani, wa kumfungia urais mtu yeyote asiye na baba na mama wote wawili Wakongomani, watu walibishana juu ya Katumbi tu, kama anafaa ao hafai. Hiyo ni kazi ya kura, kila mtu na kura yake. Sisi tunaona kitu kingine: mtu anapimwa damu tena.

Mtu atauliza: na Gaza je? Tunalijibu, hatulikimbii. Kukemea serikali ya Israeli juu ya watoto wanaokufa si chuki kwa Wayahudi. Ni haki ya mtu yeyote mwenye moyo. Lakini Muyahudi wa Mbale hapigi kura Yerusalemu, na wenzake wengine walipoomba kuhamia kule, wizara ya ndani ya Israeli ilikataa kuwatambua. Ukimdai yeye damu ya Gaza, umefanya sawa na yule anayemdai mama Mulendu wa sokoni deni la CODECO, ao kijana Muhema wa mtumbwi deni la Zaïre. Ni hesabu moja.

Na hapo ndipo tunagongana na wakubwa wetu, tuseme wazi.

Kila mtu wa Kasenyi anayepanda Bunia anapita Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 waliuawa pale watu karibu 200, wengi wao Wahema. Germain Katanga alihukumiwa La Haye mwaka 2014 miaka 12, na mwaka 2017 korti iliamua waathirika 297 wapewe kila mmoja dola 250, kama alama tu, pamoja na misaada ya jumla. Mwezi ule ule wa Februari 2003, kule Kobu, watu wa UPC waliua Walendu katika shamba la ndizi, si chini ya 49. Bosco Ntaganda amepewa miaka 30, na Kobu imo ndani ya hukumu yake.

Sasa mjaribu. Nenda kwa mkubwa wa jamii ya Wahema, muulize habari za Kobu. Nenda kwa mkubwa wa jamii ya Walendu, muulize habari za Bogoro. Mmoja atakuambia kila kitu juu ya Bogoro. Mwingine atakuambia kila kitu juu ya Kobu. Wafu wa upande wa pili hawana msemaji kwao.

Rabi Joachim Prinz alifukuzwa Berlin mwaka 1937. Tarehe 28 Agosti 1963 alisimama Washington, kabla kidogo ya Martin Luther King, mbele ya umati uliodai haki za Weusi wa Marekani. Alisema kwamba chini ya Hitler alijifunza kitu: chuki ni mbaya, lakini kubaya zaidi ni kunyamaza. Alikuwa na wafu wake wa kulilia, wengi. Alikwenda kusema juu ya watu wengine. Kiongozi wa namna hiyo ndiye tunamtafuta Ituri: siku kijana wa jamii yake anaporekodi sauti ya kuchinja jirani, yeye ndiye wa kwanza kusema hapana, kwa jina lake, redioni, kabla jirani hajalalamika.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa ENTE na wakubwa wa LORI, mashefu, mapasta, mapadri na maimamu: trakti ya chuki ikitoka upande wenu, jibuni ninyi. Msimwachie yule anayetukanwa.

Sisi vijana tunaanza na kazi ndogo. Sauti ya chuki ikiingia kwenye simu yako, usiitume mbele hata kwa kuilaani. Ihifadhi, uandike siku, saa na grupu iliyotoka, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Jina la aliyekuletea usiliandike, maana watu wanaweza kuuawa juu ya jina. Karatasi zikikusanyika, wanasheria wanaotusaidia watachagua zinazoweza kusimama mbele ya hakimu kwa sheria ya 1966, na tutazipeleka. Tunajua tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 na kazi hii ni ya kwenda taratibu. Ndiyo maana hatutaki kelele, tunataka daftari.

La kwanza tumelileta, liko hapa mezani, halijaandikwa neno. Linahitaji watu wawili wa kulishika Kasenyi, na wasitoke jamii moja. Kabla ya maswali, nani anasimama?