Saa 72 za Desemba: Manusura wa Ukatili Shinyanga na Geita



Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia huanza 25 Novemba na kufungwa 10 Desemba. Baada ya hapo mabango hukunjwa, shule zimefungwa, na maofisa wengi huanza kuomba likizo. Hoja ya mhadhara huu ni moja: huduma kwa manusura haina haki ya kwenda likizo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwanamke aliyebakwa usiku wa 24 Desemba katika kambi ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu au Rwamgasa mkoani Geita, ana saa 72 za kuanza dawa za kujikinga na VVU. Zinaisha usiku wa tarehe 27, na siku mbili kati ya hizo tatu ni sikukuu. Mvua zimeshaharibu njia. Akifika mjini anahitaji daktari, fomu ya polisi, PF3, na ofisa ustawi wa jamii. Ndiyo maana vituo vya mkono kwa mkono, vinavyoweka huduma hizo chini ya paa moja, ni muhimu kuliko hotuba yoyote.

Kwa watoto, likizo humwondoa mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuona alama za ukatili.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliuweka mkoa wa Shinyanga juu kabisa kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Binti aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba hukaa nyumbani hadi Januari, na katika pengo hilo mahari ya ng'ombe hujadiliwa. Sheria imeshasema. Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliona vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikaafiki 23 Oktoba 2019.

Sikukuu pia hukutanisha ukoo, na hapo husikika kauli ya "tuyamalize kifamilia". Wazee hutoza faini, naye manusura huambiwa ale pamoja na aliyemdhuru.

Lakini kanda hii ya Usukuma, pamoja na Unyamwezi, ndiyo iliyozaa sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipoamua kulinda ng'ombe usiku kucha. Jamii iliyoweza kukesha kwa ajili ya mifugo inaweza kukesha kwa ajili ya binti zake, mradi mtuhumiwa akabidhiwe polisi na asihukumiwe kijijini.

Basi kila halmashauri ibandike, kabla ya 10 Desemba, ratiba ya zamu ya hospitali, dawati la jinsia la polisi na ustawi wa jamii. Jirani naye asifue nguo za manusura, kwa kuwa ni ushahidi. Amsindikize hospitali usiku huohuo, na kwa mtoto apige 116, simu ya bure.